Rauta ya waya au ya betri: namna ya kuchagua kabla hujatoa hela

"Shikamoo fundi. Nimelipwa ya kitanda, nataka kununua rauta. Nichukue ya waya au ya betri?"

Swali hili linanifikia karakana, hapa Keko, karibu kila mwezi. Mara nyingi anayeuliza ameshasimama dukani Kariakoo, simu sikioni, muuzaji anamsubiri. Marahaba, namjibu, halafu namuuliza na mimi: unakata nini, na unakatia wapi? Simkwepi. Rauta, ile mashine ya mkono inayozungusha biti (kisu chake) kuchonga na kuchimba mbao, huchaguliwa kwa biti itakayofungwa na mahali itakapofanyia kazi. Ukishayajua hayo mawili, suala la waya au betri linabaki dogo. Nimeandika hapa hatua ninazompitisha kijana yeyote anayejifunza kwangu, na penye hesabu nimeweka hesabu, maana hela ya fundi huingia kwa jasho.

Hatua ya 1: Andika mikato yako ya mwezi mmoja

Chukua daftari na kalamu. Usiandike "kitanda" au "kabati". Andika mkato wenyewe, kina chake, na mahali ulipoufanyia. Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: moldingi ya ukingo wa meza ya mninga, mita 6, karakana. Kuzamisha bawaba 3 kwa kila mlango, milango 8, saiti Goba, nyumba haina umeme. Mfuo wa milimita 6 wa kuingizia plaiwudi ya mgongo wa kabati, karakana. Matundu ya ndimi kwenye miguu ya kitanda cha mkongo, kina milimita 40, karakana. Kusawazisha fomika pembeni mwa kaunta ya jikoni, nyumbani kwa mteja, Kigamboni. Paneli za milango ya kabati, biti kubwa, karakana.

Ukimaliza, weka alama ya "N" kwenye mikato mizito na "S" kwenye ile ya saiti. Mzito ni mkato wowote unaohitaji biti ya mti mnene (mti ni ule mpini wa biti unaobanwa na mashine), kina cha zaidi ya milimita 10, au mashine kuzunguka mfululizo kwa dakika nyingi. Mwepesi ni ule wa ukingo, bawaba, fomika na mifuo midogo.

Fundi wengi wanaponiletea daftari lao wanashangaa wenyewe. Mmoja alikuwa na hakika anahitaji rauta kubwa ya wati 2000, na kumbe mikato yake yote ya mwezi ilikuwa bawaba, vitasa na kingo. Mwingine alitaka ka-trima (rauta ndogo ya mikato myepesi) ka betri alikokaona kwenye video, na yeye kazi yake ni milango ya paneli kutwa nzima. Wote wawili wangetupa hela.

Hatua ya 2: Angalia koleti kwanza

Koleti ni kile kikoba cha chuma kinachobana mti wa biti. Tundu lake ndilo linaloamua utafunga biti gani, na kwa soko letu hapa ndipo pana mtego, kwa sababu mashine zinatoka kila upande wa dunia. Zipo koleti za milimita 6, za robo inchi, za milimita 8, za milimita 12 na za nusu inchi. Robo inchi ni milimita 6.35. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kwa macho, 6 na 6.35 ni kitu kimoja. Kwa koleti si kitu kimoja hata kidogo.

Biti ya milimita 6 ndani ya koleti ya robo inchi itaingia, utakaza kwa spana, utaona imeshika. Mashine ikifika mizunguko 25,000 kwa dakika, biti inaanza kupanda au kushuka taratibu bila wewe kujua. Utaona mfuo wako ulianza na kina cha milimita 5 na umeisha na 9. Hapo bado una bahati, kwa sababu siku nyingine biti inaruka. Nunua kipimo cha kalipa, hata kile cha bei rahisi, na pima mti wa biti dukani kabla ya kulipa. Usikubali kuambiwa "hizi zote zinaingia."

Trima nyingi, za waya na za betri, zinabana 6, robo inchi au 8. Rauta kubwa zinabana 12 au nusu inchi, na mara nyingi huja na kikoba cha ndani cha kupunguzia hadi ndogo. Kwa hiyo mkubwa anaweza kufanya kazi ya mdogo, lakini mdogo hawezi ya mkubwa. Mti wa milimita 12 una eneo mara nne ya ule wa 6, ndiyo maana hautikisiki ukichimba tundu refu kwenye mkongo. Ukifunga biti ndefu yenye mti wa 6 na kuilazimisha mbao ngumu, inapinda kidogo, inatetemeka, halafu siku moja inakatika karibu na koleti.

Rauta kubwa za betri zenye koleti ya nusu inchi zipo siku hizi. Milwaukee wanayo ya volti 18. Ila nyingi utakazokutana nazo kwenye maduka yetu ni trima. Kama daftari lako limejaa alama za "N", mjadala wa betri umeshakuwa mfupi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nguvu

Hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji hawaigusi, nami naomba uisome kwa utulivu.

Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 inabeba wati-saa 90. Unazidisha tu: 18 mara 5. Sasa chukua rauta kubwa ya waya inayovuta wati 1600 inapokata kwa nguvu zote. Kama nguvu hiyo ingetoka kwenye betri hiyo, ingeisha ndani ya dakika tatu na nusu hivi. Na si kuisha tu. Wati 1600 kutoka soketi ya volti 230 ni ampea 7. Wati hizo hizo kutoka betri ya volti 18 ni ampea karibu 89. Hakuna betri ndogo inayopenda hivyo. Inachemka, inajizima, na ukiipeleka kwenye chaja, chaja inagoma mpaka ipoe.

Geuza upande wa pili. Trima inayozamisha bawaba haivuti wati 1600. Tuseme inavuta 250 inapokata. Betri ile ile ya wati-saa 90 itakupa dakika 20 za kukata kweli kweli, na dakika 20 za kukata ni bawaba nyingi sana, kwa sababu kwenye bawaba moja mashine inagusa mbao chini ya dakika moja. Muda mwingine wote unapima, unachora, unashikilia mlango.

Ndiyo maana nasema betri ni ya mikato mifupi yenye mapumziko, waya ni wa mikato mirefu isiyo na mapumziko. Meza ya rauta, ile mashine iliyofungwa chini ya ubao ikiangalia juu, ni ya waya moja kwa moja. Usinunue ya betri kwa ajili ya meza.

Na spidi nayo ina neno. Biti ndogo inataka spidi kubwa, biti kubwa inataka spidi ndogo. Biti ya paneli yenye kipenyo cha milimita 85 ikizunguka mara 22,000 kwa dakika, ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Mashine moja ya zamani inayopendwa sana na mafundi, Makita 3612, ina spidi moja tu, hiyo hiyo 22,000, kwa hiyo usiifungie biti ya paneli hata siku moja. RP2301FC ya kampuni hiyo hiyo, wati 2100, inashuka hadi 9,000, na hapo ncha ya biti ile ile inapungua hadi kilomita 145 hivi. DeWalt DCW604, ya betri, inaanzia 16,000, kwa hiyo nayo si ya biti kubwa, hata kama mti wake ungeingia. Kwa kukumbuka upesi: biti za hadi milimita 25 unaweza kuziachia 22,000 hadi 24,000, za 25 hadi 50 zishushe karibu 18,000, zinazozidi 65 zisipite 12,000. Ukiona biti imeandikwa kikomo chake, fuata kilichoandikwa.

Hatua ya 4: Chunguza umeme wa mahali unapofanyia kazi

Karakana zetu nyingi zinatumia laini moja kwa mafundi wanne au watano. Mwenzako akiwasha mashine ya randa, taa inafifia. Rauta ya waya itaendelea kuzunguka, lakini utasikia mlio umeshuka, na ukisukuma kwa mwendo ule ule biti itachoma mbao. Alama ya kuchoma kwenye mninga ni doa jeusi linalong'aa, lina harufu kama ya karanga zilizoungua, na kulitoa kwa msasa ni kazi ya nusu saa. Mlio ukishuka, punguza kusukuma. Sikio ndilo mita ya kwanza ya fundi.

Ekstensheni nyembamba inaongeza tatizo. Kwa mita 30, waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 utapoteza volti 10 hivi rauta ya wati 1600 ikiwa imebanwa na kazi, wa 2.5 utapoteza 3 tu. Volti 10 si nyingi kama soketi ina 230, lakini kama soketi yenyewe ina 195, kila volti ina thamani. Na ekstensheni ya kwenye duara ifungue yote kabla ya kuanza. Ikiwa imejiviringisha inahifadhi joto, na nimeona kwa macho yangu mpira wa waya umeyeyuka na kugandana.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi ya rauta papo hapo, kabla hujafanya lolote. Baadhi ya mashine zina kinga ya kutojiwasha umeme unaporudi, nyingi hazina. Jirani yangu aliweka rauta kifudifudi juu ya benchi, akaenda kunywa chai. Umeme uliporudi mashine ilijiwasha peke yake, ikatembea, ikashuka benchi ikivuta waya wake. Hakuna aliyeumia. Biti ilichimba sakafu ya zege na ikavunjika vipande viwili. Kwa upande huu betri ina amani yake.

Kwa anayetegemea jenereta: vile vijenereta vidogo vya kuchanganya petroli na oili havitoshi hata kwa trima ya wati 710 ikiwa imebanwa na kazi. Rauta kubwa itafutie jenereta ya kuanzia kilovolti-ampea 3. Lakini kijenereta kidogo kinaweza kuchaji betri, kwa sababu chaja nyingi zinavuta wati mia mbili au tatu tu, na huo ndio ujanja wa mafundi wa saiti za mbali: kijenereta kinachaji betri moja, wewe unafanya kazi na nyingine. Kwenye sola, hakikisha inveta ni ya wimbi safi (pure sine wave). Inveta za bei chee zinaweza kuua chaja.

Nyongeza kwa wenye ndugu Marekani. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230, na Kenya ni 240. Shemeji yangu aliniletea rauta nzuri sana kutoka huko, zawadi ya moyo mmoja. Nilibadilisha plagi, nikachomeka, nikawasha. Ililia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, sekunde tatu au nne, ikatoa moshi wa bluu, ikanyamaza. Kosa lilikuwa langu, sikusoma kibati cha mashine. Kama ndugu yako anataka kukuletea kitu kutoka kule, mwambie alete ya betri, na hata hapo asome kibati cha chaja. Kikiwa na 100 hadi 240, ni salama. Kikiwa na 120 peke yake, chaja nunua huku na mashine alete yeye.

Hatua ya 5: Hesabu betri kabla ya mashine

Kama unayo tayari drili ya betri yenye betri mbili nzima za kampuni fulani, rauta ya kampuni hiyo hiyo iuzwayo tupu, bila betri wala chaja, inaweza kukugharimu kidogo sana. Kama huna betri yoyote, jumlisha mashine, betri mbili na chaja, halafu linganisha na trima ya waya. Mara nyingi kwa hela hiyo ungepata trima ya waya, biti kumi nzuri na klampu nne. Mimi kwa fundi anayeanza nitachagua mzigo huu wa pili bila kusita.

Betri mbili nimesema, si moja. Mwenye betri moja si fundi wa betri, ni mngoja chaji.

Sasa jihadhari na namba. Volti 18 na "20V max" ni kitu kimoja: ndani kuna seli tano zilizoungwa mfululizo, kila moja ina wastani wa volti 3.6, jumla 18; zikiwa zimejaa na mashine haijaanza kuvuta, zinasoma 20 na kitu. Zile za "21V" ni seli tano hizo hizo, wamehesabu 4.2 kila moja. Ila ukitembea madukani utaona betri zimeandikwa 48, 88, hata 128, za umbo lile lile na uzito ule ule. Hizo si volti. Zigeuze usome kibati cha nyuma, na kama muuzaji ana mita mwombe apime mbele yako. Utakuta 18 hadi 21. Mashine yenyewe inaweza kuwa inafanya kazi, sikatai, lakini usilipe bei ya 128 kwa kitu cha 20.

Uzito nao usiupuuze. Betri ya ampea-saa 5 inaongeza zaidi ya nusu kilo juu ya trima, na inaongeza juu, mbali na mbao. Ukipita ukingo mwembamba wa milimita 18, mashine inataka kuinama. Kwa trima ya betri natumia betri ndogo ya ampea-saa 2 au 3 kwenye kingo, na ile kubwa naiweka kwa kazi za bapa. Kwa kulinganisha, trima nyepesi ya waya kama Makita 3709 ina kilo 1.5 kwa wati 530, na RP2301FC niliyoitaja ina kilo 6.1. Hiyo ya mwisho huwezi kuipeleka ghorofa ya tatu ukazamishie bawaba mlango uliosimama.

Matengenezo pia ni sehemu ya bei. Rauta ya waya ina kaboni brashi, mbili, zinazolika kama sabuni. Zikifika urefu wa milimita 6 hivi unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi, dakika tano. Mota ikiungua, wapo mafundi wa kusuka mota kila mtaa. Mashine nyingi nzuri za betri hazina brashi kabisa, na hiyo ni faida, zinakula chaji kidogo na hazitoi cheche. Lakini bodi yake ya elektroniki ikifa, mara nyingi hakuna wa kuisuka, unanunua nyingine au unatupa mashine.

Kwa hiyo, ipi?

Rudi kwenye daftari. Kama zaidi ya nusu ya mikato yako ni mizito, nunua rauta kubwa ya waya yenye kurekebishwa spidi, koleti ya 12 au nusu inchi. Kama zaidi ya nusu ni myepesi na iko karakana kwenye umeme, nunua trima ya waya. Makita RT0700C, wati 710, spidi 10,000 hadi 30,000, ndiyo ninayoitumia na sijajuta. Kama unalala saiti, unafunga milango, vitasa na jiko za watu, na tayari una betri, chukua trima ya betri. DRT50 ya kampuni hiyo hiyo ina spidi sawa na ile ya waya, na baadhi ya vikalio vyake, yaani besi zinazokaa juu ya mbao, vinaingiliana, jambo linalokuokolea hela ya vifaa.

Ukinilazimisha nitaje moja tu kwa kijana asiye na kitu, nitasema trima ya waya. Inaanza kula mbao siku ya kwanza, haiulizi chaji, na ikifa inafufuka. Ya betri ije ya pili, rauta kubwa ije ya tatu, au kinyume chake kulingana na daftari.

Nakiri mapenzi yangu, lakini, kwa ile ya betri. Ile nyumba ya Goba, milango 8 ya mninga, hakuna umeme, hakuna hata nguzo karibu. Zamani kazi ile ingekuwa patasi na nyundo siku mbili. Nilisimamisha mlango kwenye fremu, nikabana kiolezo cha bawaba kwa klampu, nikapita mara mbili, ya kwanza milimita 1.5, ya pili nikafikia unene wa bawaba, nikamalizia pembe kwa patasi. Bawaba ililala sawa na uso wa mbao, ukipitisha kucha hukwami. Bawaba 24 kwa asubuhi moja, betri mbili, na hakuna waya wa kuruka kwenye ngazi.

Hatua ya 6: Jaribu dukani, usione aibu

Mwambie muuzaji afungue boksi. Chomoa plagi au toa betri, kisha shika koleti kwa vidole uivute pembeni. Isiwe na mchezo wowote. Izungushe kwa mkono: beringi nzima inateleza kimya, mbovu inakwaruza kama kuna mchanga. Fungua na funga kufuli la kina mara kadhaa, kwa sababu kufuli linaloteleza litakuharibia mifuo yote. Kama ni ya kubonyeza kushuka, ibonyeze kwa mkono mmoja kila upande, isikwame. Halafu iwashe bila biti kwa spidi ndogo, upandishe polepole. Mtetemo ukibadilika ghafla mahali fulani, rudisha. Hakikisha spana za koleti zimo ndani ya boksi, na risiti imeandikwa namba ya mashine.

Biti nunua za kabaidi. Msaji una silika ndani ya nyuzi zake na unaua biti ya chuma cha kawaida kwa mita chache. Mvule nao unaweza kuwa na mawe ya chokaa yaliyojificha katikati ya mbao, ukisikia mlio wa "kra!" na kuona cheche, simama, usilazimishe.

Hatua ya 7: Mkato wa kwanza

Toa betri au chomoa plagi kabla ya kugusa koleti. Sio kuzima swichi tu. Ingiza biti mpaka igonge mwisho, irudishe nyuma milimita 2 au 3, kisha kaza. Ukiikaza ikiwa imegonga chini, joto likipanda inaweza kujisukuma na kulegea.

Ukikata kingo za nje za ubao ulio mbele yako, zunguka kinyume cha saa. Kwenye ukingo ulio karibu na tumbo lako, maana yake ni kutoka kushoto kwenda kulia. Ndani ya tundu au fremu, zunguka kwa mwelekeo wa saa. Hapo biti inapingana na mwendo wako, na wewe ndiye unayeongoza. Ukienda kinyume, mashine inajivuta yenyewe kama mbuzi aliyekatika kamba, na trima nyepesi ya betri inakimbia upesi zaidi ya ile nzito. Anza kwenye ncha ya ubao, yaani upande wa kukata nyuzi, umalizie na upande wa nyuzi ndefu, ili kona ikimeguka mkato wa mwisho uisafishe.

Kina: trima, milimita 3 kwa pasi kwenye mbao ngumu. Rauta kubwa, nusu ya kipenyo cha biti. Waya uning'inize begani, usiuache usugue pembe ya meza; waya ukinasa katikati ya mkato mashine inasita sekunde moja, na sekunde moja inatosha kuacha kovu.

Vaa miwani, kinga ya masikio, na barakoa inayoshika unga, siyo kitambaa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Unga wa mvule peke yake unawasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi. Kwa saiti isiyo na umeme hutakuwa na mashine ya kunyonya vumbi, kwa hiyo fungua madirisha, simama upande upepo unakotoka, na usifagie ukiwa umevua barakoa.

Jioni, puliza unga kwenye matundu ya mota. Betri toa kwenye mashine, usiziache ndani ya gari juani, na kama hutazitumia kwa wiki kadhaa ziache zikiwa na nusu chaji. Kisha chukua maka peni, andika juu ya kila betri tarehe uliyoinunua na namba yake, 1 na 2, ujue ipi inachoka kabla ya mwenzake.